Umbali wa Kurudi

Kila Jumatatu asubuhi, kabla hajawasha kompyuta, mpiga hesabu wa safari alipangusa tufe la dunia lililokuwa mezani kwake, akakata uzi kwa meno, akabana ncha moja kwa kidole gumba juu ya kiwanja chao cha ndege na ncha nyingine juu ya kiwanja cha mji wa ng'ambo. Uzi ukishakazwa aliuhamishia kwenye ikweta, palipotiwa alama za kilomita, akasoma umbali. Ndipo alipowasha kompyuta kuona kama nayo imepata jibu lile lile. Kompyuta ilikuwa haijamwangusha hata mara moja. Lakini bwana aliyemfundisha kazi alimwambia kwamba mashine ikikosea hukosea bila haya, na yeye alikuwa mtu wa kushika aliyoambiwa. Ofisini walimwita Bi Uzi. Mwanzoni alinuna, kisha akazoea, mwisho akawa anaitika.

Uzi wenyewe aliutoa nyumbani. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na chumba chao cha mbele kilikuwa na mashine ya kushonea, meza ya kukatia, kioo kirefu kilichoingia ukungu pembeni, na kopo la vifungo ambalo tangu zamani halikuwa na jozi kamili hata moja. Wateja walikaa kwenye kiti cha plastiki wakisubiri kupimwa, na Mama aliwapima huku akiwaambia ukweli kuhusu viuno vyao. Walirudi hata hivyo, maana mkono wake ulikuwa mzuri.

Hesabu ya Bi Uzi haikuwa ya kutisha. Unaugawa umbali kwa mwendo wa ndege, unaongeza dakika za kupaa na za kutua, unaangalia kama upepo unasukuma au unazuia, basi. Kwenda mji ule wa ng'ambo kulichukua saa tano, na kurudi saa tano na ushee, kwa ajili ya upepo wa mbele. Ilikuwa hivyo miaka yote, mpaka Jumapili ambayo mdogo wake alitakiwa kurudi.

Mdogo wake alikwenda ng'ambo kufanya kazi za ndani, mkataba wa miaka miwili. Wakala aliyempeleka alimkatia tiketi ya kwenda na kurudi, kwa sababu sheria ilitaka hivyo, akaionyesha kwa Mama kama mtu anayeonyesha cheti cha ndoa. Bi Uzi mwenyewe ndiye aliyemchagulia mdogo wake kiti cha kurudia, cha dirishani, nyuma ya bawa, mahali ambapo ndege ikiinama kutua mtu anaweza kuliona bati jekundu la nyumba yao. Siku binti alipofika ng'ambo, mama mwenye nyumba aliichukua pasipoti yake ili isipotee. Kweli haikupotea. Ilikaa kabatini, kabati likatiwa kufuli, na ufunguo ukavaliwa shingoni pamoja na mkufu wa dhahabu.

Jumapili hiyo Mama alifunga kazi mapema. Alikuwa amekata gauni la kitambaa cha bluu, akalipiga bandi tu, ule mshono mrefu wa mkono unaoshikilia nguo mpaka mwenyewe avae na kukaguliwa. Hakutaka kulipitisha kwenye mashine kabla ya kuuona mwili. Alisema miaka miwili ni mingi, mtu hunenepa au hukonda, na kufumua mshono wa cherehani ni kuumiza kitambaa. Wakaenda wote wawili uwanjani, wakasimama kwenye ukuta wa vioo pamoja na watu wengine waliokuja kupokea.

Ndege ilichelewa kwa saa nzima. Abiria wakatoka wakijinyoosha magoti, wakakumbatiwa, wakachukuliwa. Akatoka mzee mwenye fimbo, akatoka mama na watoto, wakatoka wahudumu wakiburuta visanduku vyao, kisha mlango ukabaki unajifungua na kujifunga wenyewe. Mdogo wake hakutoka. Mama alisema labda anatafuta mzigo, na wakangoja mpaka mfagiaji alipowaomba wasogee.

Kesho yake rubani aliingia ofisini kwa Bi Uzi. Alikuwa mtu mtaratibu mno, akiongea unaweza kumaliza chai kabla hajafika kwenye nukta, na kwa hiyo aliitwa Kapteni Pole. Alieleza kwamba injini zilikuwa nzima, upepo ulikuwa wa kawaida, wala hakupotea njia.

"Njia ndiyo iliyokuwa ndefu zaidi," alisema.

Bi Uzi akachukua uzi wa safari ya kwenda, ambao alikuwa ameshaupima asubuhi ile, akauweka kwenye tufe kuanzia huku kwenda kule. Ulitosha sawasawa. Akaupima kutoka kule kuja huku, kwenye vidoti vile vile viwili, ukapelea kwa upana wa ukucha. Akakata mwingine, nao ukapelea vile vile. Akawasha kompyuta, ambayo ilifikiri kidogo na kutoa jibu lile lile la uzi. Kapteni Pole aliinama akatazama, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitarajia. Bi Uzi akaandika umbali mpya wa kurudi, akahesabu mafuta upya, na jioni alimwomba Mama uzi mrefu zaidi.

"Wa nini?" Mama aliuliza.

"Kurudi kumerefuka."

Mama akamkatia, akauonja kwa meno kama ni imara, akampa.

Wiki zilizofuata kurudi kuliendelea kurefuka. Ilifika saa sita, ikafika saba, ikapita nane. Kampuni ilifanya inavyofanya kampuni yoyote. Ilibandika ratiba mpya, ikaongeza chakula cha pili, ikawaagiza wahudumu waseme samahani kwa tabasamu. Abiria walilalamikia viti kuwa vigumu. Mtoto mmoja alipanda ndege akiwa kibogoyo akashuka na jino, na mama yake aliwashukuru wahudumu kwa utulivu wao. Mafundi walikagua mabawa, wakakuta kila kitu kiko sawa, wakatia sahihi. Safari ya kwenda ilibaki saa tano ile ile, bila kuongezeka hata dakika, na kila wiki iliwabeba wasichana wengine walioletwa na wakala, wenye tiketi za kwenda na kurudi ndani ya bahasha za plastiki.

Mdogo mtu alipiga simu siku moja moja, akiwa amejifungia bafuni na kufungua bomba ili sauti isitoke. Kwa hiyo simu zake zote zilikuja na mlio wa maji. Alisema mkataba umekwisha lakini mwenye nyumba anasema bado hajapata mtu mwingine. Aliwahi kumwomba pasipoti, akaambiwa ni mtovu wa shukrani, akanyang'anywa simu kwa muda. Hakulia alipokuwa akisimulia. Aliuliza kuhusu mguu wa Mama, akauliza jirani yao kama bado anagombana na jogoo.

Mara moja alisimulia jambo la kumfurahisha dada yake. Alasiri akipanda darini kuanika nguo, aliiona ndege yao ikipita juu ikielekea nyumbani. Aliijua kwa rangi ya mkia.

"Lakini Dada, inakwenda polepole hiyo," alisema. "Naanika shuka zote, naanika na foronya, bado iko pale pale. Kama inaniangalia."

Bi Uzi alimwambia kwamba ndiyo, siku hizi inachelewa. Kisha maji yakafungwa na simu ikakatika.

Aliyemfungua macho ni mhudumu mmoja wa ndani ya ndege, mwanamke wa makamo aliyekuja ofisini kuazima pini. Katika mazungumzo alisema kwamba kazi ya kurudi imekuwa rahisi. Zile safu za nyuma ambazo huwa tupu, mikanda yake inajifunga yenyewe. Yeye hupita kuikagua akaikuta imeshafungwa, imekazwa vizuri kabisa, juu ya viti ambavyo havina mtu. Akiifungua, akienda kuleta maji na kurudi, anaikuta imefungwa tena. Sasa ameacha kuifungua. Bi Uzi akamuuliza mkanda wa kwanza kujifunga ulikuwa upi. Mhudumu akakuna kichwa kwa ile pini, akasema ulikuwa wa dirishani, nyuma ya bawa.

Bi Uzi akaangalia nje, akaona lori la mafuta likikata kona, na moyo ukamuuma kama umebanwa na mlango. Mdogo wake alikuwa amejaribu kuja. Kila Jumapili alikuwa akija kwa kadiri alivyoweza, naye hakuwa na la kuweza ila kufunga mkanda.

Basi akaanza kufuatilia, kwa ile tabia yake ya kutoamini jibu mpaka alipate mara mbili. Alikuta kwamba viti vitupu si vyote vinavyorefusha njia. Kulikuwa na muuza viatu aliyelala hotelini akaachwa na ndege, kiti chake kilirudi kitupu na njia haikuongezeka. Kulikuwa na msichana aliyeolewa huko huko kwa hiari yake, akatuma na picha, naye kiti chake hakikuongeza kitu. Walioongeza ni wale waliotaka kurudi na wamezuiwa. Kila mmoja wao alisogeza nyumbani mbali kidogo, na uzi uliyaonyesha yote hayo waziwazi. Kampuni ilishikilia viti vyao wiki baada ya wiki kwa sababu tiketi ilikuwa halali mpaka itumike, na ndege ikawa inarudi imevibeba, watu wa kulia na kushoto wakila karanga.

Akamweleza Mama. Mama alikuwa akitia uzi kwenye sindano na aliendelea kuutia mpaka ukapenya.

"Kwa hiyo wakiwatoa, ndege itarudi kuwa ya saa tano."

"Ndiyo, Mama."

"Basi waambie. Wakubwa hawapendi kuchelewa."

Lilikuwa wazo zuri. Bi Uzi alilala nalo akaamka nalo. Hakutegemea huruma ya wakubwa, maana alifanya nao kazi na aliwajua, lakini mafuta yalikuwa yakiwauma kila wiki. Akaenda kwa meneja akiwa na tufe chini ya kwapa. Akalisimamisha juu ya meza yake na kumwonyesha uzi wa kwenda na uzi wa kurudi, ambao sasa ulikuwa karibu mara mbili ya mwenzake. Akamweleza kuhusu mikanda, kuhusu makabati yenye kufuli, kuhusu wasichana. Akasema dawa ni moja. Kampuni ina ofisi kule, ina wanasheria, ina sauti. Idai pasipoti za abiria wake, iwapandishe wenye tiketi, na umbali utarudi ulivyokuwa.

Meneja alimsikiliza vizuri. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na picha ya watoto wake mezani na kila mara aliigeuza kidogo ili imtazame. Alimwambia kwamba hii ni kazi safi sana, kwamba mafundi wamekesha bure, na kwamba atalipeleka jambo hili makao makuu neno kwa neno. Alimpeleka Bi Uzi mpaka mlangoni, akamshika mkono kwa mikono miwili. Siku hiyo Bi Uzi alirudi nyumbani kwa miguu, akapita dukani akanunua sabuni ile anayoipenda mdogo wake, akaiweka juu ya kabati.

Makao makuu yalimtuma mkaguzi, bwana mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni. Alipima uzi mwenyewe, akahesabu upya, akasema hesabu ya Bi Uzi haina kasoro. Alitaka kujua jambo moja tu, kama njia inarefuka kwa sababu ya mtu asiyekuja au kwa sababu ya kiti kinachomngoja. Bi Uzi alifikiri, maana alipenda kujibu lililo kweli. Alikumbuka wasichana waliopelekwa kinyemela na mawakala wengine, wasio na tiketi za kurudi. Nao walizuiwa, nao walilia, lakini hawakuwa na kiti na hawakuongeza hata ukucha.

"Ni kiti kinachomngoja," alisema.

Mkaguzi akaandika, akashukuru, akaondoka na ndege ya mchana.

Uamuzi ulikuja baada ya wiki chache. Tiketi zote za kurudi ambazo hazikutumika kwa wakati wake zilifutwa. Sheria ilidai tiketi ya kurudi, nayo ikarekebishwa kwa mashauriano, na wakala akaruhusiwa kuwakatia wasichana tiketi ya kwenda tu, jambo ambalo hata yeye alikiri lilimpunguzia usumbufu. Viti vya nyuma vikauzwa. Cha dirishani, nyuma ya bawa, kikachukuliwa na muuza vipuri vya magari aliyekuwa akisafiri kila wiki na aliyependa kuona ardhi.

Jumapili iliyofuata ndege ilirudi kwa saa tano na ushee. Kapteni Pole aliingia ofisini na kwa mara ya kwanza akasema sentensi fupi. Alisema njia imerudi. Bi Uzi akakaza uzi kutoka kule kuja huku, ukabaki kipande kirefu kikining'inia pembeni mwa meza. Kompyuta nayo ikakubali. Wenzake walimnunulia keki yenye umbo la ndege, bawa moja likavunjika njiani, na meneja akasema maneno machache kuhusu umakini. Walimpigia makofi. Alisimama na kisahani mkononi, akaona aibu kubwa.

Alimweleza Mama jioni, kwa sababu hakuwahi kumficha kitu na hakujua pa kuanzia kumficha. Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya mteja, akiweka alama za chaki kwenye pindo. Alingoja mpaka mteja akavua, akavaa nguo zake, akaaga.

"Kiti chake wamekipa nani?" aliuliza.

"Muuza vipuri."

"Mnene?"

"Sijamwona, Mama."

Mama akainuka kwa kushika meza, akaenda kufungua dirisha, akalifunga tena.

"Wewe ulisema kweli tu," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Najua," alisema Mama. Hakumlaumu, na ingekuwa nafuu kama angemlaumu.

Simu ilikuja siku ya katikati ya wiki, na mlio wa maji. Mdogo mtu alikuwa na haraka kuliko kawaida. Alisema yuko salama. Alisema mwenye nyumba amepata mtoto mwingine, kwa hiyo habari ya kuondoka haizungumzwi tena.

"Dada, ile ndege," akasema. "Siku hizi inapita upesi. Sijaanika hata shuka moja, imeshapotea. Mmeitengeneza?"

Bi Uzi alishika simu kwa mikono miwili. Mama alikuwa kwenye cherehani, mguu umesimama juu ya kanyagio, akisikiliza.

"Ndiyo," alisema. "Tumeitengeneza."

"Afadhali," mdogo wake alisema. "Watu walikuwa wanachelewa." Akauliza kuhusu mguu wa Mama. Akaambiwa haujambo. Akasema mwambieni nimekonda kidogo, hasa kiunoni, asije akanishonea gauni likanipwaya. Kisha maji yakafungwa.

Bi Uzi alikaa kwenye kiti cha plastiki cha wateja. Alilia bila sauti, kama mtu anayefanya kazi iliyobidi kufanywa, na Mama akamwacha amalize. Alipomaliza, Mama akamuuliza swali alilomuuliza kila jioni tangu uzi ulipoanza kupelea.

"Leo yuko umbali gani?"

"Saa tano na ushee."

"Kama zamani."

"Kama zamani, Mama."

Mama akaitikia kwa kichwa. Akauchukua ule uzi mrefu ambao Bi Uzi alikuwa ameurudisha kutoka kazini, akaukagua karibu na taa, akaona bado ni mzima. Akalishusha gauni la bluu kutoka kwenye msumari, akaligeuza nje ndani, akafumua bandi ya zamani upande mmoja na upande wa pili. Akamwambia bintiye asimame, avae, maana miili yao ilikuwa haijaachana sana. Bi Uzi akavaa gauni la mdogo wake mbele ya kioo, akanyanyua mikono, na Mama, pini zikiwa mdomoni, akaanza kulipunguza kiunoni.